Neodimi, samari au feraiti kwa jenereta ya upepo ya ufukweni?

Mfuma_Koili
Wakuu, nalinganisha sumaku za jenereta ya sahani mbili: kila sahani sumaku 12 za mm 46 × 30 × 10, stata (sehemu isiyozunguka) ya koili 9, fezi tatu. Mnara utasimama ufukweni Tanga. Nichukue N42 (daraja la nguvu) ya neodimi, samari-kobalti au feraiti (kauri ya oksidi ya chuma)? Halafu neodimi ni elementi namba 60 na samari ni 62, karibu majirani. Kwa nini samari isitiwe tu mahali pa neodimi kwenye aloi ile ile ya chuma na boroni?

Obiti4f
Mkuu, nianze na la mwisho. Atomu ya neodimi ina elektroni nne kwenye 4f (obiti ya ndani) na mbili kwenye 6s (ya nje). Ndani ya aloi huachia tatu, zinabaki tatu kwenye 4f. Samari inabakiwa na tano. Kikemia metali hizi zinafanana mno, kwa kuwa 4f imejificha chini ya obiti za 5s na 5p. Ndiyo maana neodimi na praseodimi zilidhaniwa elementi moja, didimi, hadi Carl Auer von Welsbach alipozitenganisha mwaka 1885. Hata madini ya Ngualla, Songwe, yanatajwa kwa hizo mbili pamoja.

Kinachotofautisha ni umbo la wingu la 4f. La neodimi limebonyea kama chapati, la samari limerefuka kama yai. Katika fuwele ya Nd2Fe14B, yaani ile aloi ya neodimi, chuma na boroni, atomu zinazoizunguka neodimi zinaibana ile chapati ikae upande mmoja tu, na sumaku yake ielekee mhimili mmoja. Chuma ndicho kinachotoa sehemu kubwa ya nguvu. Kazi ya neodimi ni kuizuia isigeuke. Ukiweka samari pale, umbo ni kinyume: usumaku unalala bapa, unageuzwa kirahisi, haushiki. Kwenye SmCo5, yaani samari-kobalti, mpangilio wa majirani ni mwingine, na huko yai ndilo linalokaa sawasawa.

Fundi_Stata
Kwa namba: N42 ina takriban tesla 1.3 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), samari-kobalti ya aina ya 2:17 takriban 1.1, feraiti kama 0.4. Feraiti haipati kutu na ni rahisi, lakini kwa volti zile zile utahitaji eneo la ncha karibu mara tatu. Sahani inakuwa kubwa, nzito, na mnara wote unabadilika.

Samari-kobalti hupoteza kama 0.035% kwa kila digrii, neodimi 0.12%. Kutoka 20°C hadi 60°C N42 inashuka kama 5%, na ikipoa inarudi. Isiyorudi ni ile iliyovuka 80°C huku koili zimepiga shoti na kuisukuma kinyume. Kwa upepo mdogo joto si hoja kubwa: sahani inazunguka hewani, kinachoungua kwanza ni stata. Kulipia kobalti kwa ajili ya 300°C ambayo hutaifikia ni hasara.

Daktari_wa_Kutu
Naunga mkono, ila adui wa Tanga ni chumvi. Fuwele za Nd2Fe14B zimeunganishwa na utando mwembamba wenye neodimi nyingi. Unyevu ukipenya tundu dogo la nikeli, utando huo unageuka hidroksidi na kutoa hidrojeni; hidrojeni inanyonywa na metali ya jirani, inavimba, na chembe zinapukutika kama unga wa kijivu. Nikeli juu bado inang'aa, ndani kumekwisha. Ukiona uvimbe kama lengelenge pembeni, sumaku hiyo itoe.

Kwa hiyo agiza zenye epoksi juu ya nikeli. Futa mafuta kwa spiriti, usipige msasa hadi kuichana nikeli, kisha mwagia resini ya vinaili esta. Poliesta ya kawaida inapitisha maji polepole. Pembe ndizo dhaifu: resini isipungue mm 2 pale.

Mfuma_Koili
Ahsante. Na N42SH yenye disprosi (metali ya jamii moja na neodimi), ya kuhimili 150°C?

Obiti4f
Disprosi ina wingu lililobonyea vilevile, na inashika kwa nguvu kuliko neodimi. Tatizo, usumaku wake unaelekea kinyume na wa chuma, hivyo kila kiasi unachoongeza kinapunguza tesla. Kwa hiyo kuipata SH yenye tesla zile zile za 42 ni kazi, na bei inapanda. Chukua N42H ya 120°C kama akiba, inatosha.

Fundi_Stata
Siku ya kuunga sahani, usizishushe kwa mikono. Weka boliti tatu ndefu za M10, shusha kwa zamu nusu mzunguko kila moja, kabari za mbao zikiwa katikati. Na usitoboe sumaku: hupasuka, na unga wake unashika moto.