Naomba ushauri: namna ya kumwandikia mtayarishaji wa filamu baada ya kukutana naye

Ndugu zangu, mimi ni msaidizi wa mpiga picha za filamu. Hivi karibuni, baada ya onyesho la filamu fupi, nilizungumza na mtayarishaji mmoja kuhusu namna ya kuweka taa katika matukio ya usiku, naye akanipa anwani yake ya barua pepe bila mimi kuiomba. Ninao mswada wa filamu ninaotamani ausome, lakini nafahamu kwamba watayarishaji wengi hukataa miswada ambayo hawakuiomba, kwa kuhofia kudaiwa baadaye kuwa wameiba wazo la mtu, hivyo kuuambatisha kwenye ujumbe wa kwanza kunaweza kuniharibia kabisa. Je, nianze kwa mistari michache ya shukrani na kumkumbusha mazungumzo yetu, au nieleze shida yangu moja kwa moja? Asipojibu, nisubiri muda gani kabla ya kumwandikia tena?

Linalonitatiza zaidi ni kwamba mpiga picha mkuu ninayemsaidia, ambaye ndiye aliyenifundisha kazi hii, anafahamiana kwa karibu na mtayarishaji huyo, nami sijui kama ni utovu wa adabu kumwandikia mtayarishaji kabla ya kumwarifu mwalimu wangu huyo.