Naomba ushauri: demani (kamba ya kukazia na kulegezea tanga) ya tanga kuu, ninunue reli au niongeze makapi?

Nahodha_wa_Pasua: Wakuu, habari za jioni. Niko Moshi, nina boti ndogo ya faiba, futi 14, tanga kama mita za mraba 9. Huwa naipeleka bwawa la Nyumba ya Mungu. Demani inapita kwenye makapi mawili, 2:1 (mkono unabeba nusu ya mvuto), halafu naizungushia kigingi cha mbao. Upepo wa mchana ukishika kasi, mkono unakufa ganzi. Niweke reli ya kutelezesha kapi la chini kushoto na kulia? Bei yake imenitoa jasho. Na yale makapi ya kisima ya madukani hapa mjini je?

Makapi_Manne: Mkuu, reli iache kwanza. Kama tanga linavuta kilo 40, sasa hivi unashika 20. Weka 4:1 utashika 10, ukiacha msuguano. Usishawishike na 6:1: kuachia boriti (mti unaoshika ukingo wa chini wa tanga) mita 2 itabidi mita 12 za kamba zipite mkononi, na upepo wa ghafla haukusubiri.

BintiPangani: Mimi kilichonitisha ni kigingi! Kaka, demani haizungushiwi kigingi, lazima iachike haraka. Tafuta kibano cha meno mawili ya springi: kamba ukiivuta inang'atwa, ukiinyanyua inaachia. Kabla hujatoboa, kaa ukingoni pale unapokaa ukiwa majini, ushike kamba. Kama huwezi kuiachia bila kuinama ndani, pembe ya kibano siyo. Kiinue kwa kabari.

Nahodha_wa_Pasua: Asante dada. Kwa hiyo reli basi kabisa?

Makapi_Manne: Hela yake nunua kapi la racheti, gurudumu lisilorudi nyuma, linakupunguzia uzito wa kushika. Inayobaki funga kamba ya kuvutia boriti chini, kutoka kwenye boriti hadi shina la mlingoti. Bila hiyo, ukiachia demani boriti inapaa na tanga linafanya kitambi.

FundiBati: Makapi ya kisima waachie wenye visima. Kamba ya milimita 8 inaruka gurudumu na kukwama shavuni, kati ya gurudumu na ubavu wa kapi. Kwenye faiba tumia bolti za kupenya, na vibati vipana vya duara (washa) chini; skrubu zitang'oka. Boriti ikiwa ya aluminiamu, weka plastiki kati yake na chuma cha pua, visitafunane kwa kutu.

BintiPangani: Na kamba iwe poliesta. Nailoni inavutika. Milimita 8 kama una glavu, 10 kama huna.