Tupeane uzoefu, Aprili 2021: kaunti tano zimefungwa kwa sababu ya korona na wazee wetu wako ng'ambo ya kizuizi

MamaPacha_Kayole
Tangu Ijumaa ile ya Machi 26, 2021, Rais Uhuru Kenyatta alipotangaza kwamba Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru zimefungwa, sina amani. Mamangu yuko Mwingi, kule Kitui, peke yake. Ana presha, na miguu humvimba. Mimi ndiye humnunulia dawa huku mjini, mwisho wa mwezi nampelekea, namjazia mitungi, natazama kama kuna nafaka ya kutosha, ndipo narudi. Sasa hakuna kuvuka. Nikimpigia ananijibu, "Niko sawa mwanangu, tunza watoto." Namjua. Hata akiwa ameanguka atasema yuko sawa.

Mwaka jana tulipofungiwa kuanzia Aprili hadi Julai alikuwa na mjukuu wake nyumbani. Huyo mjukuu sasa amepata kazi Athi River, naye amefungiwa huku pamoja nasi. Wenye wazazi ng'ambo mnafanyaje? Dawa zinafikaje?

Kijana_Rongai
Tuko wengi dada. Wangu yuko mji wa Wote, kule Makueni, karibu hivyo, na sifiki.

BintiMjiWaKale
Umenikumbusha Mei 2020. Mji wa Kale wa Mombasa ulifungwa wakati mmoja na Eastleigh ya Nairobi, na ilikuwa Ramadhani. Mimi nimeolewa Likoni, nyanya yangu yuko ndani ya Mji wa Kale, haoni vizuri. Kilichotuokoa ni majirani. Mtoto wa mlango wa pili alikuwa akimpelekea futari, anaiweka kwenye baraza, anagonga, anarudi nyuma mpaka nyanya atoke. Dada, usimtafute mtu wa kusafiri. Mtafute mtu aliye hatua chache kutoka kwa mamako, umpe jukumu kwa jina: wewe ni wa maji, wewe ni wa dawa. Ukisema tu "mwangalieni mama", kila mmoja atadhani mwenzake ameshamwangalia.

DerevaWaMboga
Malori ya mizigo yanapita. Mimi hupeleka mzigo na kurudi, na nimebeba dawa za watu wengi tangu Machi. Cha muhimu: ziwe kwenye pakiti zake na karatasi ya daktari iwe ndani ya bahasha, siyo vidonge vilivyofungwa kwenye gazeti. Askari akiuliza, nina cha kumwonyesha. Andika nambari ya simu ya mpokeaji juu ya bahasha.

Mzalendo254
Mnajisumbua bure. Bodaboda wanajua njia za panya. Unashuka kabla ya kizuizi, unazunguka mashambani, unatokea upande wa pili. Nimeshaenda kumwona mzee wangu na nikarudi.

MuuguziWaZamu
Na ulipofika ulimkumbatia? Watu kama wewe ndio tunaowapokelea wazazi wao wodini. Nimefanya kazi zamu za usiku mwezi huu wote. Anayeletwa ni mzee, na ukiuliza historia unaambiwa kuna mtoto alitoka mjini wiki iliyopita kuja kumsalimia. Mtoto mwenyewe hana hata kikohozi.

Mzalendo254
Nilivaa barakoa. Na usinifundishe kumpenda baba yangu.

MuuguziWaZamu
Sijasema humpendi. Nasema mpende ukiwa mbali mpaka hii kitu ipungue.

Kijana_Rongai
Jamani polepole. Lakini muuguzi ana hoja.

MkulimaWaMaua_Naivasha
Nilikuwa nasoma tu, sikutaka kuandika. Maneno ya njia za panya yamenigusa vibaya, kwa hiyo acheni niseme yangu.

Baba yetu alikuwa Kericho. Mimi nafanya kazi Naivasha, ndani ya kaunti ya Nakuru, kwa hiyo kizuizi kilikuwa kati yetu. Ilianza na kikohozi, mama akasema ni vumbi la kuni. Siku ya tatu akakataa chakula. Usiku mama akanipigia, akasema, "Baba yako anapumua kwa mabega." Hayo maneno sijawahi kuyasikia kwake. Huku kafyu, ile amri ya kutotoka nje usiku, ilikuwa imeanza saa mbili; huko kwao ilikuwa ianze saa nne na bado haijafika, lakini hakuna gari kijijini. Nikapigia kila mtu ninayemjua. Mwalimu mmoja mwenye gari dogo akakubali, Mungu ambariki. Akafungua vioo vyote, akamweka mzee nyuma na mama mbele. Hospitali ya kwanza oksijeni ilikuwa imekwisha. Ya pili walimpokea, wakamwekea mtungi, lakini mama hakuruhusiwa kuingia. Akabaki nje ya lango usiku kucha na shuka mbili, kafyu imeshamkuta hapo, na askari aliyekuwa lindo akamletea kiti.

Asubuhi nilikwenda kituo cha polisi kuomba barua ya kunivusha. Nikaambiwa nilete barua ya hospitali. Hospitali haingeweza kunitumia barua, wanataka mtu afike dirishani. Mama simu yake ni ya vibonye, hawezi kutuma picha. Nikamwomba yule mwalimu arudi tena. Alipofika dirishani, baba alikuwa ameshafariki.

Amri ya sasa ni maziko ndani ya saa 72, na watu wasizidi 50. Barua ilipopatikana saa zilikuwa zimekwenda, na waliokuwa wameketi na mama walikuwa wazee wenzake. Hapo ndipo niliposimama nikajiuliza: mimi natoka shambani kwenye watu mamia, wenzangu wawili wa zamu wamepatikana na ugonjwa, nikifika nitamshika mama mkono, nitashindwaje kumshika? Ndugu zangu wa Kisumu, ambao njia yao ilikuwa wazi, walimzika. Mimi niliona kwa simu, picha ikikatika.

Mama sasa yuko peke yake. Kila jioni nampigia, simulizi kuhusu baba anaanza yeye, namwacha aseme mpaka achoke. Hilo ndilo ninaloweza kumfanyia kwa sasa.

BintiMjiWaKale
Makiwa ndugu yangu. Allah awape subira wewe na mama.

MamaPacha_Kayole
Pole sana kaka. Nimelia. Nimeacha kazi nikampigia mama saa hii hii.

DerevaWaMboga
Pole bro. Njia ya Kericho naipita. Kama mama anahitaji kitu, nitumie ujumbe, sitaki malipo.

Mzalendo254
Pole ndugu. Nimesoma yote.

Baraka_wa_Tatu
Poleni nyote. Ila mimi nasema wazee wapewe mvuke. Majani ya mwarobaini na mkaratusi, ajifunike blanketi asubuhi na jioni. Wetu amefanya tangu mwaka jana na hajaguswa.

MuuguziWaZamu
Ndugu, mvuke hauui virusi. Kinachoua ni maji yanayochemka yakimwagikia mtu wa miaka 80 aliyefunikwa blanketi. Nimeshauguza majeraha hayo. Badala yake mkiweza changeni mnunue kile kimashine cha kubana kidole kinachopima oksijeni. Kikisoma 95 kwenda juu, vizuri. Kikianza kushuka, piga simu usisubiri jioni. Chini ya 90 ni dharura, hata kama mzee anakwambia hajisikii vibaya, kwa sababu ugonjwa huu unaweza kumshusha mtu huku bado anaongea. Kidole kiwe na joto, na kucha isiwe na rangi wala hina, usomaji unaharibika.

Baraka_wa_Tatu
Basi mvuke wa mbali, bila blanketi. Kumchangamsha tu.

MuuguziWaZamu
Chai inamchangamsha vilevile, na hakuna anayeungua.

Ghorofa_ya_Tano
Yangu ni kinyume na yenu. Nyanya alikuja kutoka Ol Kalou kwa kliniki ya macho, akapangiwa kurudi Jumatatu. Ijumaa tukafungwa. Sasa yuko nasi kwenye chumba kimoja Githurai, mimi, mume, mtoto na yeye. Watu wanadhani ukiwa na mzee karibu umepona wasiwasi. Mume wangu ni kondakta. Matatu inabeba zaidi kidogo tu ya nusu ya abiria, lakini hao hao anawashika pesa mkononi siku nzima, kisha anarudi kwenye chumba hicho hicho. Tumemwekea ndoo na sabuni kwenye ngazi, anabadili nguo hapo nje, analala upande wa mlango na dirisha liko wazi. Nyanya analalamika baridi. Halafu kanisa limefungwa, na kwake Jumapili ndiyo wiki yenyewe. Tunampigia dada zake watatu kwa pamoja, wanaimba nyimbo zao kwenye simu, mmoja yuko nyuma ya wengine kila wakati, hajali.

Kinachomtesa zaidi ni ng'ombe. Aliyeachiwa anamkamua anamtumia ripoti kila asubuhi, tena na lita. Asipopigiwa hali chakula.

Kijana_Rongai
Hiyo ya ripoti ni akili. Nitamfanya mzee aniripotie maembe yake.

MamaPacha_Kayole
Asanteni. Nimeshampata jirani wa maji. Bado chanjo. Nasikia sasa wanachanja wenye miaka 58 kwenda juu, lakini mama amesikia habari za damu kuganda, amekataa katakata.

Mzalendo254
Asilazimishwe.

MuuguziWaZamu
Hakuna anayelazimishwa. Dada, usibishane naye kwa simu, muulize anaogopa nini hasa, kisha mwombe mhudumu wa afya wa kijiji, yule anayemfahamu, apite amweleze. Kuganda kwa damu kumetokea kwa watu wachache mno, na kwa umri wake ugonjwa wenyewe ndio hatari kubwa zaidi. Aende na kitambulisho, na aseme mapema kwamba anatumia dawa za presha.

DerevaWaMboga
Na dawa zenyewe? Alhamisi napakia soko la Wakulima hapa Nairobi, Ijumaa nashusha Mwingi. Niletee bahasha kabla ya saa kumi jioni, baada ya hapo nakimbizana na kafyu.

MamaPacha_Kayole
Nitakuwa hapo saa nane. Naweka na kadi ya kredo ya simu ndani, ya jirani.