Naomba ushauri: aseniki (kemikali yenye sumu) kwenye maji ya kisima

Assalaam alaykum ndugu zangu. Hapa Chake Chake maji ya bomba yanakuja kwa kusuasua, kwa hiyo mtaani tunategemea kisima cha kuchimbwa kwa mashine. Kijana mmoja alitupimia kwa vile vikaratasi vya kubadilika rangi. Kikatoka manjano iliyokoza, akasema aseniki imepita kiwango cha WHO, mikrogramu 10 kwa lita. Mimi kikaratasi kimoja hakinitoshi. Wengine wanachemsha, lakini kuchemsha hakuitoi aseniki, maji yakipungua ndiyo kwanza inakolea. Kwa sasa ya kunywa na kupikia tunanunua kwa madumu.

Sampuli niipeleke kwa Mkemia Mkuu Unguja, au hapa Pemba kuna maabara inayopima? Na nichukulie chupa ya namna gani?