Mjadala: Mtafsiri wa muvi atuambie "hapa anaota", au anyamaze tuone wenyewe?

Wadau wa muvi wa Dodoma na kwingineko, naomba hili tulijadili kwa uzito wake, maana Jumamosi iliyopita limekaribia kuwagombanisha watu pale Chang'ombe. Kibanda kimoja cha video kilionyesha The Science of Sleep, filamu ya mwaka 2006 ya mwongozaji Mfaransa Michel Gondry. Kijana mmoja wa chuo aliileta kwenye flashi, na mtafsiri akashika kipaza sauti kututafsiria papo kwa papo. Watu walitoka wamegawanyika. Wapo waliodai warudishiwe mia tano yao, wapo waliosema hawajawahi kuona kitu kizuri namna ile, na wapo, mimi nikiwa mmoja wao, tulioipenda filamu tukatoka na kinyongo na mtafsiri.

Kwa ambao hawajaiona: Stéphane (Gael García Bernal) amefiwa na baba yake Mexico, mama yake anamwita Paris na kumwahidi kazi ya ubunifu. Akifika, anakuta kazi yenyewe ni kupanga na kubandika maandishi kwenye kalenda. Anampenda jirani yake wa mlango wa pili, Stéphanie (Charlotte Gainsbourg), na hajui amwambieje. Na tangu utotoni, ndoto na maisha ya kweli humwingiliana Stéphane. Akilala anaendesha kipindi cha televisheni chake mwenyewe, studio ina kamera za maboksi na kuta zimebandikwa trei za mayai. Kuna mji mzima wa makaratasi. Bomba likifunguliwa yanatoka maji ya nailoni yanayometameta. Vitu hivyo vimetengenezwa kwa mikono, vikasogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha moja moja, na sekunde moja ya sinema inakula picha 24. Ndiyo maana vinatembea kwa kushtukashtuka kama vina roho yake.

Sasa mtafsiri wetu. Kila mambo yalipogeuka alipaza sauti: "Haya jamani, hapa kalala, anaota!" Kisha: "Sasa kaamka!" Ukumbi ukatulia, kila mtu akajua yuko wapi. Wengi walimshukuru kwa hilo. Mimi nasema hapo ndipo alipotuibia.

Chukueni kipande cha barua. Stéphane, akiwa kati ya usingizi na kuamka, anaandika barua ya kuvurugika na kuisukuma chini ya mlango wa Stéphanie. Mtafsiri akatangaza: "Anaota huyo, msijali." Tukaacha kujali. Kumbe barua imefika kweli! Kijana anazinduka, anachukua hanga, anahangaika kuivuta barua kutoka chini ya mlango, asijue kwamba Stéphanie ameshaisoma. Mama aliyekaa mbele yangu akageuka akauliza, "Sasa barua ya ndotoni imefikaje mlangoni kwa watu?" Swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa siku ile. Ilitakiwa litushike kooni sote kwa wakati mmoja, pamoja na Stéphane. Badala yake nusu ya ukumbi ilidhani mtafsiri kakosea tu, wakaanza kumzomea.

Au pale nyumbani kwa Stéphanie. Wanarusha mawingu ya pamba juu, yanaanguka. Mmoja anatafuta sauti kwenye kinanda, na akiipata ile inayofaa, mawingu yanaganda hewani. Wako wawili, wako macho, wanacheza. Mtafsiri: "Anaota!" Nani anaota, ndugu yangu? Kwa mara ya kwanza kijana huyu amepata mtu wa kuingia naye kwenye ulimwengu wake, na sisi tukaambiwa hakuna kilichotokea.

Matokeo yake, kijana mmoja nyuma akapiga kelele, "Apelekwe Mirembe huyo!" Watu wakacheka. Liliniuma, na sioni haya kulisema. Sisi wa Dodoma tunalitaja jina la hospitali ile ya wagonjwa wa akili kama tusi, na wengi wetu tuna ndugu waliotibiwa pale. Lakini najiuliza kama kicheko kile kingekuja bila ule utangazaji. Ukishagawiwa filamu vipande viwili, hiki cha mtu mzima na hiki cha mwehu, huwezi tena kumhurumia anayeishi katikati.

Kuna jingine halikuzungumzwa kabisa. Filamu hii ina lugha tatu: Kiingereza, Kifaransa na Kihispania. Kifaransa cha Stéphane ni kibovu, kazini maneno yanampita, na sehemu ya upweke wake inatoka hapo. Mtafsiri aliwapa wote Kiswahili kimoja kilichonyooka, kwa hiyo Stéphane akaonekana mjinga tu asiyejibu anapoulizwa. Ingetosha kusema, "hapa wamebadilisha lugha, hawaelewi."

Nawajibu na waliokwisha kunipinga. Mzee mmoja aliniambia pale nje, "Mwanangu, mimi nimelipa ili nieleweshwe. Mtafsiri asiyefafanua ana kazi gani?" Mzee wangu, hoja yako ina nguvu, na bila watafsiri wengi wetu tusingezifaidi sinema za nje. Tumekua na sauti ya Lufufu, yule mtafsiri maarufu wa muvi, na kufafanua ilikuwa sehemu ya sanaa yake. Lakini Lufufu alikuwa anaongeza utamu. Huyu wa Jumamosi alipunguza: palipokuwa na mambo mawili yanayovutana, akatuachia moja.

Yule wa chuo naye alisema tatizo ni watazamaji, kwamba watu wa mtaani filamu kama hii haiwafai. Hapana, hilo silikubali hata kidogo. Tumelelewa na hadithi za sungura na fisi wanaopanga njama na kulimiana mashamba, na hakuna bibi aliyewahi kukatiza hadithi kusema "hapa ni uongo, wajukuu zangu." Na kwa wasomaji wa Kiswahili, mwandishi Euphrase Kezilahabi alishatoa riwaya ya Nagona mwaka 1990, safari ambayo huwezi kuweka kidole ukasema kweli inaanzia hapa. Watu wetu wanaweza. Yule mama wa swali la barua hakuhitaji cheti.

Ninachopendekeza: mtafsiri aitazame filamu kwanza hadi mwisho kabla ya kusimama mbele ya watu. Mwanzoni atuonye mara moja tu kwamba ndoto na kweli vimechanganyika, tukae macho. Baada ya hapo atafsiri maneno yanayosemwa, na pasiposemwa kitu, anyamaze.

Anayeona mtafsiri alikuwa sahihi naomba anijibu hili. Mwishoni Stéphane analala kwenye kitanda cha Stéphanie, na tunawaona wawili hao wamepanda farasi wa kitambaa wakielekea kwenye mashua. Mtafsiri akasema, "Ndoto tu hiyo, hakumpata," akazima kipaza sauti, watu wakaanza kunyanyuka picha ikiwa bado inaendelea. Nani alimwambia kwamba hakumpata? Mimi nimeirudia sehemu ile nyumbani na sijaona mahali filamu inaposema hivyo. Aliyepaona anionyeshe.