Naomba ushauri: mchoro wa historia ya Git umekuwa msitu, nausomaje?

Habari za muda huu wakuu. Niko Dodoma, Nkuhungu, tuko vijana watatu tunatengeneza mfumo wa kurekodi mavuno ya zabibu kwa wakulima wa Hombolo, kazi yote tunaiweka kwenye Git (programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya kodi). Nikiandika git log --graph --oneline --all nachorewa ule mchoro wa maandishi, nyota ni komiti (badiliko lililohifadhiwa), vistari | / \ ndo vinaonyesha brenchi (tawi la kazi) ilipochepuka na ilipoungana. Mwanzoni niliupenda sana, ila sasa kila mtu akivuta kazi za wenzake asubuhi inazaliwa komiti ya kuunganisha, mistari imefika sita sambamba, juzi nimefuata mmoja kwa kidole kwenye skrini nikapotea katikati na humo ndo kuna badiliko lililoharibu hesabu ya kilo. Inaniuma kwasababu mkulima analipwa kwa hizo kilo.

Nimejaribu --first-parent (inafuata mstari mkuu tu), mchoro ukanyooka lakini komiti za wenzangu zikafichika. Nikikopi nikawatumia WhatsApp ndo balaa, herufi hazilingani upana mistari yote inapinda, mpaka niweke ``` mbele na nyuma, na simu ndogo bado inakata mistari.

Sasa mnaofanya kazi kwa timu, tuhamie git pull --rebase (inapanga komiti zako juu ya za wenzako bila komiti ya kuunganisha) au tutavurugana kwenye brenchi tunayoshea? Na mnachora historia nzima au kipande tu toka tagi (alama ya toleo) ya mwisho? Msaada jamani, msimu wa mavuno umekaribia.