Kikundi cha ukoo: utoro wa Oroville wafunguliwa tena

Jumanne, 2 Aprili 2019

Shangazi (Yuba City): Assalaam alaykum nyote. Huku ni saa tano asubuhi imepita kidogo, na kwenu najua ni usiku, kwa hiyo mniwie radhi. Leo wamefungua malango ya utoro mkuu wa bwawa la Oroville, hapa California, kwa mara ya kwanza tangu ulipojengwa upya baada ya kuvunjika Februari 2017, na nimeyatazama maji yakishuka juu ya zege mpya kwenye runinga ya kazini. Wenzangu walipiga makofi. Mimi sikuweza.

Kaka (Mombasa): Waalaykum salaam, shikamoo Shangazi. Hatujalala bado. Ina maana zile dola bilioni moja na ushei za ukarabati zimeanza kupimwa leo.

Shangazi (Yuba City): Marahaba baba. Ndiyo, leo.

Mjukuu (Tanga): Bibi yuko hapa pembeni yangu, anauliza utoro ni kitu gani, na kwa nini mtu ahangaike kujenga bwawa kisha aliachie maji njia ya kutoroka.

Baba Mdogo (Morogoro): Shikamoo Mama. Bwawa lile ni tuta la udongo lenye kimo cha mita 235, na Marekani nzima hakuna linalolizidi kwa urefu. Tuta la udongo halitakiwi kupitwa na maji juu yake hata siku moja, kwa sababu maji yatalikwangua mpaka libomoke, na ndiyo maana pembeni hutengenezwa njia ya kumwaga yale yaliyozidi, nayo sisi wajenzi wa malambo tunaiita utoro. Oroville wana njia mbili. Moja ni mfereji mpana wa zege wenye malango, na ya pili ni ya dharura, ambayo mwaka 2017 ilikuwa ukingo wa zege juu ya kilima tu. Chini ya ukingo ule palikuwa na mlima mtupu, udongo na miti.

Kaka (Mombasa): Na hapo kwenye mlima mtupu ndipo ulipo ugomvi wenyewe wa nani alaumiwe kwa balaa la 2017, Ami. Mwaka 2005, wakati leseni ya bwawa inaombewa upya, vyama vya kutetea mito na mazingira, yaani Friends of the River, Sierra Club na kile cha wananchi wa mto Yuba Kusini, viliiomba tume ya shirikisho inayosimamia nishati iagize kilima kile kitandikwe zege, vikajibiwa kwamba hakuna haja, na mhandisi wa tume akaandika kwamba njia ya dharura inaweza kupitisha futi za ujazo 350,000 kwa sekunde. Maji yalipopita hapo Februari 2017 hayakufika hata sehemu moja ya ishirini na tano ya kiasi hicho, na kilima kikaanza kuliwa kurudi nyuma kuelekea ukingo. Mimi naona kesi imekwisha hapo. Walionywa wakakataa.

Baba Mdogo (Morogoro): Haijakwisha, mwanangu, kwa sababu unaanza hadithi katikati. Njia ya dharura isingeguswa na tone la maji, kama ambavyo haikuguswa tangu bwawa lilipokamilika mwaka 1968, laiti utoro mkuu ungekuwa mzima. Tarehe 7 Februari utoro mkuu ulitoboka shimo kubwa katikati, wakapunguza maji ili kuunusuru, mvua haikupunguza, ziwa likajaa, na tarehe 11 likaanza kumwagika upande wa dharura. Kwa hiyo swali la kwanza ni kwa nini zege ile iling'oka.

Nimeisoma ripoti ya wataalamu huru iliyotoka Januari 2018, kurasa zake zinakaribia 600, na kwa fundi inasomeka kama aibu ya familia. Jamvi, yaani sakafu ya zege ya utoro, lilikuwa na unene wa inchi 15, na mabomba ya kutoa maji ya chini yalikuwa yameingia ndani ya jamvi lenyewe, kwa hiyo juu ya kila bomba zege ilikuwa nyembamba zaidi na ufa ukafuata mstari wa bomba. Maji yanayoshuka kwa kasi yakiingia kwenye ufa hayatulii, yanasukuma kutoka chini kwenda juu, na zege ikishanyanyuka kidogo tu mto mzima unaingia chini yake. Isitoshe, baadhi ya sehemu hazikukalia mwamba mgumu kama ilivyodhaniwa kwenye michoro, bali mwamba uliooza. Nami nawaeleza kitu ninachokijua kwa mguu wangu. Niliwahi kusimamia utoro wa lambo la kijiji, jua linazama, kokoto na saruji vimeshachanganywa, nikaukubali udongo mwekundu mgumu kuwa mwamba kwa sababu sululu ilikuwa imedunda mara mbili. Baada ya masika mbili nilirudi nikapiga kisigino juu ya jamvi, nikasikia mlio wa mtungi mtupu.

Shangazi (Yuba City): Kaka yangu, hilo la mtungi hukuwahi kutuambia.

Baba Mdogo (Morogoro): Sikuwahi, Dada. Tulilivunja tukaanza upya, na gharama nilibeba mwenyewe.

Kaka (Mombasa): Basi Ami ameniongezea ushahidi. Ufa ulionekana lini?

Baba Mdogo (Morogoro): Mapema sana, muda mfupi baada ya kujengwa. Na hilo ndilo ninaloliona zito kuliko onyo la 2005: mwanzoni waliona nyufa na wingi wa maji kwenye mabomba kuwa jambo geni, kisha wakalizoea, wakaliita la kawaida, wakawa wanaziba na kuondoka, wanaziba na kuondoka, kwa karibu miaka 50. Idara ya maji ya jimbo ilikuwa na wakaguzi wake na wakaguzi wa nje, na wote walipita juu ya neno hilo.

Shangazi (Yuba City): Neno hilo hilo nilisikia tena Novemba 2017, zege mpya ilipoonekana ina nyufa nyembamba kama unywele, tukaambiwa ni za kawaida. Unaweza kuelewa kwa nini watu wa huku walikuja juu.

Baba Mdogo (Morogoro): Naelewa, ingawa safari hii nawaunga mkono wahandisi. Zege nene inayopoa huku imeng'ang'aniwa na mwamba lazima ipasuke nyuzi, na jamvi hili jipya kwa wastani linazidi mita 2, lina nondo, na limefungwa kwenye mwamba kwa vyuma. Ila wangeeleza hivyo kwa kirefu, wasingelitumia neno lililokwisha kuwaponza.

Mjukuu (Tanga): Bibi anauliza ile siku mliyokimbia ilikuwaje, anasema ulimficha.

Shangazi (Yuba City): Nilimficha kwa sababu ya presha yake. Ilikuwa Jumapili tarehe 12, jioni, na kabla ya hapo tulikuwa tumeambiwa hakuna hatari. Ghafla tukatangaziwa kwamba ukingo wa dharura unaweza kuanguka ndani ya saa moja, na watu wapatao 188,000 wa kaunti tatu tukaingia barabarani kwa pamoja. Gari lilikuwa na robo tanki. Vituo vya mafuta vilikuwa na foleni mpaka barabarani, na safari ya Sacramento ya saa moja tuliimaliza saa nane usiku, taa za magari mbele na nyuma, hakuna anayepiga honi. Usiku ule walifungua utoro mkuu mpaka futi za ujazo 100,000 kwa sekunde, ukiwa umevunjika hivyo hivyo, ziwa likashuka. Tulirudi Jumanne.

Kaka (Mombasa): Pole sana Shangazi. Mwezi uliopita FEMA, shirika la serikali kuu ya Marekani la kushughulikia maafa, imekataa kurejesha zaidi ya dola milioni 300 za ukarabati, kwa hoja kwamba sehemu ya juu ya utoro ilikuwa na kasoro kabla ya mafuriko. Mimi naona ni haki, kwani aliyezembea ndiye alipe.

Baba Mdogo (Morogoro): Ukikagua kwa kipimo hicho, hakuna bwawa la zamani litakalosaidiwa.

Shangazi (Yuba City): Mnabishana juu ya mfuko, nami nawaambia kuhusu shingo. Maji mengi ya bwawa lile huenda kusini, kwa mamilioni ya watu wasiojua Yuba City iko wapi, nao ndio watakaotozwa kwenye ankara zao. Walipe wao au alipe Washington, sisi tunaolala chini ya bwawa hakuna aliyetuuliza chochote mwaka 2005. Ile njia ya dharura sasa imetandikwa zege na kuchimbiwa ukuta chini ya kilima, yaani kinachokaribia kile kilichoombwa wakati ule.

Kaka (Mombasa): Hapo sina la kujibu, Shangazi.

Mjukuu (Tanga): Bibi anauliza kama hati za nyumba na pasipoti bado unaziweka kabatini.

Shangazi (Yuba City): Mwambie Mama ziko kwenye mkoba nyuma ya mlango, na tanki silishushi chini ya nusu.